Chungu Kimoja: Mwongozo wa Kupunguza Sukari, Chumvi na Mafuta Bila Kumpikia Mgonjwa Peke Yake

Mume wangu alipoambiwa ana presha, nilikwenda sokoni Wete, hapa Pemba, nikanunua kisufuria kidogo. Nikaanza kupika mara mbili. Sinia likiwekwa, mamkwe na watoto wanakula wali wa nazi na mchuzi wa changu, na yeye nyuma yao nimemsogezea kibakuli cha samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala ndimu. Siku tatu alivumilia. Siku ya nne alisema hana njaa, akatoka kwenda barazani, na usiku akarudi ameshiba kashata, kahawa na muhogo wa kukaanga.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu watu hukusanyika kwenye sinia, na anayepewa kibakuli chake pembeni huona ametolewa kwenye nyumba. Halafu nikawatazama wale wanaoendelea kula wali wa nazi kila siku. Ni wanawe, damu yake. Presha na sukari hutembea katika ukoo, na nilikuwa nawalisha watoto kile kile nilichomkataza baba yao.

Kisufuria sasa nakitumia kuchemshia mayai. Tulichofanya badala yake ni kubadili chungu kikubwa, polepole, kwa wote. Nitaeleza hatua zenyewe kwa utaratibu tuliofuata sisi. Jambo moja kabla hatujaanza: mimi ni mpishi wa nyumbani, si daktari. Mwenye kutumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wali kwa kiasi kikubwa, kwa sababu dawa ikibaki ile ile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akaanguka. Na mwenye maradhi ya figo ana masharti yake mwenyewe, hata ya ndizi na madafu.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujabadili kitu

Wiki mbili za mwanzo usipunguze chochote. Andika tu. Ukifungua mfuko wa sukari, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ukiisha, andika tena. Pakiti ya chumvi vivyo hivyo, na kidumu cha mafuta. Kisha gawa kwa idadi ya siku na idadi ya walaji.

Sisi tuko sita. Sukari ilikuwa inakwenda kilo mbili na nusu kwa wiki. Gramu 2,500 ukigawa kwa siku 7, ukagawa kwa watu 6, inakuja karibu gramu 60 kwa kichwa kila siku, na hapo sijahesabu soda wala halua za nje. Chumvi, pakiti ya gramu 500 ilikuwa haifiki siku ya kumi: zaidi ya gramu 9 kwa mtu kwa siku. Mafuta lita mbili kwa wiki.

Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichokatwa usawa, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, samaki mkavu na vidonge vya supu. Sukari ya kutia, kwa mtu mwenye mlo wa kawaida wa kalori 2,000, isivuke gramu 50, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Watoto wahesabie pungufu ya hapo.

Najua kuna watakaoruka hatua hii kwa kuona ni hesabu za dukani. Msiruke. Bila ya kuandika ningeapa kwamba nyumbani kwangu hatuli sukari nyingi.

Hatua ya pili: chai

Chai ndiyo mahali pa kuanzia kwa sababu ni rahisi na inakunywewa mara mbili au tatu kwa siku. Kwetu sukari ilikuwa inatiwa ndani ya birika, kwa hivyo kila mtu alikunywa kipimo cha yule anayependa tamu kuliko wote. Acha kutia sukari birikani. Weka bakuli la sukari pembeni na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. Hilo peke yake liliteremsha matumizi yetu bila ya mtu kulalamika, isipokuwa mamkwe.

Kisha kila baada ya wiki mbili punguza nusu kijiko katika kikombe chako. Ulimi huzoea, mtu anayekunywa vijiko vitatu akishuka ghafla mpaka kimoja atarudi juu baada ya siku mbili, lakini nusu nusu haisikiki sana. Visiwa vyetu vina viungo vya kuziba pengo: hiliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai, karafuu mbili tatu. Chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, yenye tangawizi nyingi na mdalasini haihitaji zaidi ya kijiko kimoja.

Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa. Sharubati ya ukwaju au ya bungo tunayoitengeneza wenyewe inaweza kufika hapo hapo, kwa sababu ukwaju na bungo ni vichachu na tunavifunika kwa sukari. Tengeneza nyepesi, tia nusu ya sukari uliyozoea, na uiweke kwa wageni na kwa Ramadhani. Kila siku kunywa maji. Chungwa ulile kwa nyama yake, usilikamue: ukikamua matatu unakunywa sukari ya machungwa matatu kwa pumzi moja, na nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio.

Hatua ya tatu: chumvi, na hapa ndimu ndiyo rafiki

Mwanzo nilidhani chumvi ni ile ya kopo. Kumbe nyingi ilikuwa inaingia kwa milango mingine. Vidonge vya supu, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na mimi nilikuwa natia viwili kwenye mchuzi, natia kimoja kwenye wali, kisha natia chumvi juu yake. Niliviacha kabisa. Wiki ya kwanza mchuzi ulikuwa kama umepoa. Wiki ya tatu hakuna aliyeuliza.

Badala yake ongeza uchachu na ukali. Ulimi ukipata ndimu, ukwaju au embe bichi hautafuti chumvi kwa nguvu ile. Thomu ya kutosha, tangawizi ya kutwanga, pilipili mbuzi nzima ndani ya mchuzi bila ya kuipasua, bizari ya manjano, bizari nzima iliyokaangwa kavu kwenye kikaango. Kisha tia chumvi mwishoni na kwa kijiko, usitie kwa kiganja. Kiganja hakina kipimo.

Ng'onda na papa mkavu roweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo upike, na chungu hicho usitie chumvi nyingine. Achari ni chumvi tupu iliyovaa embe. Kijiko kidogo kinatosha. Mahali pake weka kachumbari ya tungule, kitunguu, ndimu na pilipili, isiyo na chumvi.

Neno moja kuhusu chumvi ya mwambao. Pemba chumvi huvunwa kwenye mabwawa ya bahari, na chumvi ya bahari peke yake haina madini joto ya kutosha. Ukosefu wake huleta rovu, na kwa mama mjamzito huathiri ubongo wa mtoto. Kwa hivyo nunua kidogo, lakini hicho kidogo kiwe kimetiwa madini joto, na kopo lifunikwe vizuri, mbali na mvuke wa jiko.

Hatua ya nne: nazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ugomvi ulipo. Ukimwambia Mpemba aache nazi, amekuacha wewe.

Nazi iliyokomaa, katika kila gramu 100 za nyama yake, gramu 33 hivi ni mafuta, na mafuta hayo zaidi ya asilimia 80 ni ya ile aina inayoganda, inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Wapo wanaosema nazi ni dawa kwa sababu wazee waliila na hawakuugua moyo. Wazee walikwenda shamba kwa miguu, wakachuma karafuu, wakavua, wakala mboga na samaki, na nazi yao iliingia katika chungu kisichokuwa na mafuta ya kidumu. Sisi tunakaanga kitunguu kwa mafuta robo kikombe, kisha tunamimina tui la kwanza juu yake, kisha tunapika na wali kwa tui, kisha tunakaa. Sidhani kama kosa ni la nazi peke yake.

Tulifanya hivi. Kwanza, siku ya nazi ni nazi katika chungu kimoja tu: ukipika wali wa nazi, mchuzi uwe wa chukuchuku, ukipika mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe. Pili, tui likiingia, mafuta hayaingii. Kitunguu, tungule na thomu vinaiva vizuri ndani ya tui la pili, lile jepesi, na tui zito unatia kikombe kidogo mwishoni kwa harufu na rangi. Tatu, nazi moja iliyokuwa inakwenda chungu kimoja sasa inagawiwa mara mbili: unakuna yote, unakamua nusu leo, nusu unaweka kwenye friza. Nne, siku tatu za wiki hakuna nazi kabisa.

Na siku hizo tatu chukuchuku ndiyo mfalme. Kwa asiyejua, au aliyesahau: samaki mbichi, maji, ndimu, thomu, bizari ya manjano, kitunguu, tungule, pilipili mbuzi, chumvi kidogo. Hakuna mafuta hata tone. Samaki akiwa wa leo, hakuna mchuzi unaoushinda. Akiwa wa juzi, chukuchuku itakuumbua.

Hatua ya tano: kulipanga upya sinia

Washauri wa lishe huchora sahani: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo kitoweo. Picha nzuri, lakini sinia letu ni mlima wa wali na kitoweo kimekaa kileleni. Mboga, kama ipo, iko kwenye kibakuli pembeni na watoto hawaioni.

Nilichogundua ni kwamba mpangilio wa sinia huamua nani anakula nini. Kila mtu hula upande wake, kile kilicho mbele yake. Kwa hivyo nikaacha kuujenga mlima. Wali naupakua ukiwa bapa, mwembamba, na mbele ya kila mtu naweka fungu la mchicha au matembele, fungu la kachumbari, na kipande cha samaki. Mchele nikapunguza kidogo kidogo, kutoka kilo moja na robo kwa mlo mpaka robo tatu ya kilo. Hakuna aliyelala njaa, maana mboga na kunde zilipanda.

Siku nyingine wali wenyewe uubadili. Mseto wa choroko, au wali wa kunde, unapunguza mchele na unaongeza nyuzinyuzi na protini ndani ya sufuria hiyo hiyo, na ni nafuu. Hivi ni vyakula vya bibi zetu. Ajabu ni kwamba siku hizi tunaviona vya kimasikini.

Kuna imani moja niivunje hapa. Mtu akiambiwa ana sukari huacha wali, kisha anakula muhogo sahani nzima, au majimbi, au ndizi mkono wa tembo, kwa kuwa “havina sukari”. Muhogo ni wanga kama wali, na tumboni unageuka sukari. Majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu na shelisheli ni vizuri kuliko boflo, ndiyo, hasa vikichemshwa, lakini vinahesabiwa kwenye ile robo ya wanga. Mlo mmoja, wanga mmoja. Usile ndizi, muhogo na chapati katika mkao mmoja.

Kitoweo tunacho. Dagaa, vibua na jodari wana mafuta mazuri kwa moyo, na dagaa wakiliwa pamoja na mifupa yao wanaleta kalsiamu. Wachome, wapake, au wapike chukuchuku. Kuwakaanga kwenye mafuta ya kina kirefu kunapunguza faida hiyo. Mjamzito aepuke papa na nduaro, kwani samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini. Nyama ya ng'ombe tunaiweka Ijumaa. Siku mbili kwa wiki hakuna samaki wala nyama, ni mbaazi, kunde au maharage.

Mboga: Shirika la Afya Duniani linataja gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu. Kwa macho ni kama viganja vitano. Mchicha na matembele pika muda mfupi, yabaki na ukijani wake. Kisamvu ni kinyume: kitwange sana na ukichemshe sana, mwaga maji ya kwanza, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na moto. Kamulia ndimu juu ya mboga inaposhuka, na chai isubiri saa nzima baada ya kula. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, ndimu husaidia. Kwa wasichana na wajawazito wenye upungufu wa damu, hili la chai si dogo.

Hatua ya sita: asubuhi na jioni

Chakula cha asubuhi kilikuwa boflo, mandazi au chapati. Tulibaki na chapati siku moja kwa wiki. Siku nyingine viazi vitamu vya kuchemsha na yai, uji wa ulezi, mbaazi zilizobaki, au mkate wa mofa wa mtama ukiupata. Mafuta yaliyokaangiwa mara moja yakiwa meusi, yanatoa moshi mapema au yananuka, yamwage. Wauza vitafunio wengi hawawezi kumwaga, biashara haiwaruhusu, ndiyo sababu mimi bajia nazikaanga nyumbani, mara chache.

Urojo sijauacha. Mtu akijisifu kwamba ameacha urojo simwamini. Lakini mwambie muuzaji aongeze viazi vya kuchemsha na yai, apunguze bajia na chipsi za muhogo, na ule kabla hujashikwa na njaa kali.

Ramadhani

Mwezi huu peke yake unaweza kubomoa kazi ya miezi kumi na moja. Futari ya muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, katlesi, sharubati, yote saa moja ya magharibi, na wanga wa kuchemsha peke yake uko wa aina tatu.

Anza na tende, moja mpaka tatu, na maji. Kasali. Huko ndiko kupumzisha tumbo. Ukirudi njaa imepungua. Kisha futari ya aina moja tu, leo muhogo, kesho viazi vikuu, na tui jepesi. Kimoja cha kukaanga, si vinne. Uji wa ngano usiotiwa sukari nyingi unashibisha mapema. Baada ya tarawehe kula mlo wenye samaki na mboga, na maji uyanywe kidogo kidogo mpaka daku, usiyamimine yote kwa mara moja. Daku usiiruke, kunde, yai, mtama au uji wa ulezi hukaa tumboni kuliko mkate mweupe na chai.

Mwenye kutumia dawa za sukari au presha aende kituoni wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe saa za dawa, aelezwe kama afunge. Kuna wanaoruhusiwa na dini kutofunga na bado wanafunga kwa haya ya watu. Sukari ikishuka sana mchana, kufungua ni lazima.

Harusi, hitma na baraza

Pilau ya shughuli uile, lakini ule kachumbari kwanza, na sinia la shughuli lisihesabiwe kama la mtu mmoja. Soda kataa kwa kusema umeshakunywa. Barazani kahawa chungu haina ubaya kwa wengi. Ni kashata na halua zinazoifuata. Mume wangu sasa huchukua kipande kimoja, akawapa vijana wengine.

Kipimo kisicho cha jikoni

Presha ipimwe hata kama huumwi, maana haiumi. Inayorudia kufika 140 juu au 90 chini inahitaji daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikifika 7.0 (mmol/L) inarudiwa kupimwa kwa uhakika. Na futi ya fundi cherehani inasema mengi: kiuno cha mwanamke kikivuka sentimita 80, cha mwanamume 94, anza kuangalia. Mdalasini, habasoda na majani ya mronge tia kwenye chakula ukipenda, lakini usiache dawa kwa ajili yake.

Baada ya miezi mitatu tuliandika tena tarehe kwenye mifuko. Sukari ilikuwa kilo moja na robo kwa wiki, pakiti ya chumvi ilifika siku ya kumi na tano, mafuta lita moja. Dawa ya mume wangu daktari hajaiacha, na sisi hatukumwomba aiache. Mamkwe bado anatia vijiko viwili. Nimembadilishia kijiko, nimempa kile kidogo cha dawa ya kikohozi, na mpaka leo hajasema kitu.